Maneno Uliyonipunguzia

Baba Furaha,

Huna aibu. Miezi kumi na saba imepita na hujanijia hata mara moja. Kwa Furaha umekwenda mara mbili, na mara ya pili ulikaa naye ukanywa chai, kaniambia mwenyewe. Kwa mdogo wako kule Uvira umevuka bahari bila tiketi ukamwambia atengeneze paa. Lakini mimi niliyekupikia miaka arobaini na mmoja, mimi ninayejua ni wapi mgongoni palikuwa pakikuwasha, nalala na kuamka, na ndoto zangu zote ni za watu wengine. Wanawake wa kanisani wananifariji kwamba marehemu asiyekuja ametulia. Mimi nawaambia huyu hajatulia, huyu anaogopa.

Najua unaogopa nini. Nitafika huko. Ngoja kwanza nimalize kukugombeza.

Barua hii nimeiandika mimi. Kama umesimama, kaa. Mimi mke wako, niliyekuwa napaka dole gumba wino kila karatasi ilipoletwa, nimeiandika kwa siku nne kwenye meza ya jikoni, na kifutio kimekwisha. Neema amenipangia vituo na kunyoosha maneno machache yaliyopinda. Nimemwonya mjukuu wako kwamba akigusa maana yangu hata kidogo hataonja sombe langu la majani ya muhogo mwaka huu. Kwa hiyo unayemsoma hapa ni mimi mtupu.

Mwalimu. Mtaa mzima ulikuita hivyo. Uliwasomesha watoto wa muuza mkaa, watoto wa askari, hata yule mwenye kigugumizi aliyeogopa watu, ukamtia Kifaransa kinywani mpaka akawa karani. Jioni ulirudi na chaki kwenye kola, na kola niliifua mimi. Nikikuambia nifundishe na mimi, ulisema, "Kesho, Mama Furaha, leo nimechoka." Kesho hiyo niliingoja miaka arobaini na mmoja. Sikulilii. Nasema tu ilivyokuwa.

Tulipofika huku ugenini ukawa mdomo wangu. Kiingereza ulikipata ukubwani, kwa daftari, ukitoka kiwandani mikono inanuka kuku, na nilijivuna kwa ajili yako. Asubuhi uliigeuza pakiti ya maziwa upande wa Kifaransa ukaisoma kwa sauti kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Kisha tulitoka, na popote tulipokwenda, benki, duka la dawa, shuleni kwa wajukuu, mimi nilisema neno langu kwa Kiswahili, wewe ukalipeleka, nalo likarudi na tabasamu. Nikadhani tumefika nchi ya watu wapole kupita kiasi.

Unakumbuka lifti ilipokufa wiki mbili? Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja na mifuko ya unga, mimi nikihesabu, wewe ukihema. Siku ya tatu nikakuambia, mwambie huyu meneja kwamba mama yake angekuwa anaishi humu, lifti ingepona jana. Ukamwambia. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akanishukuru. Nilipanda ngazi siku ile nikimstaajabia: mtu anatukanwa, na anashukuru.

Sasa nimefika pale unapoogopa.

Siku ile ulivaa koti la kahawia la kanisani. Daktari wetu, yule mama mrefu anayemkaribia mtu kuliko ilivyo desturi yao, alivuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia yako. Aliuliza kama tunataka mkalimani. Ukacheka ukamwambia wewe ni mwalimu, mke wako atasikia kupitia kwako. Akasema maneno mengi, polepole, na katikati akanitazama mimi. Wewe ukanigeukia. "Anasema nimechoka tu. Nipumzike, nile vizuri, dawa zitafanya kazi."

Na mimi nikafurahi. Nikamshika yule daktari mkono kwa mikono yangu miwili, meno yote nje. Aksanti sana, aksanti sana. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Wewe ulijua, na yeye alijua. Mjinga katika chumba kile alikuwa mmoja.

Ulipokwisha kuzikwa, baridi ilipopungua, Furaha alinipeleka kwa daktari huyo huyo kwa ajili ya presha yangu. Daktari akanipa pole, kisha akasema kitu kirefu, na Furaha, ambaye unajua hakurithi upole wako, akakileta chote kama kilivyo: "Anasema, mama, hajawahi kumsahau mwanamke aliyeambiwa mume wake amebakiza miezi minne, akamshika mkono akatabasamu. Anasema alijifunza imani kwako." Halafu Furaha mwenyewe akasikia alichokisema.

Miezi minne, Baba Furaha. Uliibeba peke yako kama gunia, na mimi nikaitumia kukugombeza umalize uji. Nilikukemea siku uliyokataa kwenda kwenye arusi ya kijana wa jirani. Nilikuita mvivu. Ningekuwa na maneno ya kukuambia, mimi. Ningekuuliza kuhusu yule mtoto wetu wa kwanza tuliyempoteza, kama ulikuwa unamfikiria bado, kwa sababu mimi namfikiria. Ningekaa tu. Ningeacha vyombo vikae vichafu nikakaa karibu nawe.

Hapa niliweka penseli chini nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nimerudi.

Wiki ile ile niliyotoka kwa daktari nikamwambia Furaha, nipeleke kwenye shule ya Kiingereza. Akasema, mama, utachoka. Nikasema nimechoka tayari. Kuna darasa la serikali, vituo vitatu vya basi kutoka kwetu, juu ya duka la viatu, Jumanne na Alhamisi asubuhi, la wazee ambao hawajawahi kushika penseli popote duniani. Niliishika kama mwiko. Mwalimu akanigeuza vidole kimoja kimoja, hakucheka, nikampenda.

Huko ndiko nilikompata Mama Selvi. Ni Mtamili, kutoka Sri Lanka, anakaa ghorofa ya tisa kwenye jengo letu hili hili, na miaka sita tulikuwa tunapanda lifti pamoja tukitazama namba. Naye amezika mume. Hajui Kiswahili, mimi sijui chake, basi kati yetu tunacho Kiingereza tu, na ni Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu hakielewi, lakini sisi tunaelewana mpaka tunasengenya. Tumeshindana samaki wakavu wa nani wananuka zaidi. Alishinda yeye, sibishani.

Nilipofikisha miezi minane darasani nikasoma chupa ya dawa yangu. Kidonge kimoja kwa siku, pamoja na chakula. Nilikuwa nakunywa viwili, bila chakula. Hilo nalo lilikuwa la kwako, ulisema "kunywa asubuhi na jioni, Mama Furaha, usisahau." Au pengine ulielewa vibaya. Hilo nakusamehe, chupa zao zina maandishi ya sisimizi.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nimeligundua peke yangu. Herufi zile zile zinajua Kiswahili. Siku moja nilikuwa napanga vitu kwenye friza, nikachukua kalamu nikaandika juu ya mfuko wa samaki wadogo wakavu: ndagala. Nikausoma. Nikaandika mwingine: sombe. Nilisimama hapo mlango wa friza wazi mpaka Neema akaja kuufunga.

Basi, mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, ndipo ikaja ile barua. Karatasi za uraia ulizojaza kwa ajili yetu wawili, kwa mwandiko wako wa ubaoni, zimejibiwa. Jina lako wamelitoa, tuliwapelekea taarifa. Langu wameliita. Kwa umri wangu hawataki mtihani wa lugha wala wa historia, kufika tu na kuapa. Nikaipeleka barua darasani kumwonyesha mwalimu, nimevaa kitenge kipya. Akanikumbatia. Kisha uso ukambadilika. Akasema darasa hili ni la wasio raia. Nikishaapa, kiti si changu tena.

Nilimwomba arudie, nikidhani sikuelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Hebu litazame jambo hilo, Mwalimu, wewe uliyependa mantiki. Ukiwa mgeni wanakuambia jifunze lugha. Ukianza kuiokota, wanakuambia sasa wewe ni wetu, inuka. Mama Selvi yeye alipewa barua kama hiyo mwaka jana, akaiweka chini ya godoro, akaendelea kuja darasani. Sasa nikajua kwa nini.

Furaha akasema, "Mama, usicheze na uraia, watu wanalala nje kwa ajili ya karatasi hiyo." Ni kweli. Mzee mmoja kanisani akaniambia kwa umri wangu kura ni ya nini, nikae darasani nipate marafiki. Nikamuuliza kwa umri wake maoni ni ya nini. Hakunisalimia Jumapili mbili. Lakini moyoni nilikuwa nimegawanyika. Kiti kile ndicho kilichonitoa kwenye chumba cha yule daktari, unanielewa? Kila neno ninalopata ni neno moja ambalo mtu hawezi tena kunificha. Na bado nina maneno machache sana.

Wakati huo huo uchaguzi ukaja. Unavyopenda wewe, viongozi wakakaa kwenye televisheni kubishana kwa Kifaransa, kisha siku ya pili kwa Kiingereza. Nilikumbuka ulivyokuwa unawasahihisha na daftari magotini. "Huyu nne kwa kumi. Huyu kitenzi chake kimelala, tatu." Safari hii nilikaa na Neema, ambaye Kifaransa anakisoma shuleni. Mmoja akajikwaa kwenye Kifaransa mpaka mimi nisiyekijua nikaona anajikwaa. Neema akampa tano. Nikasema babu yako angempa mbili na kumweka kona.

Lakini nikawaza. Mtu mzima, mwenye walimu wake wa kulipwa, anaivunja lugha ya pili ya nchi yake mbele ya taifa zima, na kesho watu wanamsifu kwamba anajitahidi. Mimi nikiivunja ile ya kwanza dukani, msichana wa kaunta ananipigia kelele sikioni kama vile nimekuwa kiziwi. Ni kuvunja kule kule. Tofauti ni nani anavunja.

Jumamosi moja mchana, mgombea wa eneo letu akaja kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu. Kijana mtanashati, viatu safi, alileta biskuti. Ukumbi ulijaa. Akaongea habari za nyumba, za mabasi, kisha akasema wageni lazima wajifunze lugha ili wawe sehemu ya nchi. Watu wakapiga makofi, hata wale ambao hawakuelewa, hao hasa.

Nikainua mkono. Neema alikuwa pembeni yangu kunitafsiria, unamjua, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, mwambie hivi: unasema tujifunze. Mimi najifunza. Siku nikiapa mnanitoa darasani. Ulikuwa unajua hilo, au unasema tu?

Mtoto akasimama. Akatabasamu. Akasema maneno mazuri, marefu. Nikasikia "bibi yangu". Nikasikia "anapenda sana". Nikasikia "asante kwa kuja". Na yule kijana akaweka mkono kifuani, akainama kidogo.

Mkono ule, Baba Furaha. Niliufahamu. Nilikuwa nimeuona kwa meneja wa lifti, nikauona benki, nikauona kila mahali ulikonipeleka. Nikakaa pale ukumbini na biskuti mkononi nikaelewa miaka yote kwa mara moja. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika nchi hii aliyewahi kusikia nilichosema.

Nikamshika Neema mkono nikamwambia kaa, mama. Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu, na nakuandikia kwa Kiswahili vile vile kilivyotoka: "Hapana. Yeye mtoto mzuri. Yeye ametia sukari. Mimi sikusema asante. Mimi nasoma, karibu mwaka. Wewe unasema soma. Mimi naapa, kiti hakuna. Wewe unajua? Ndiyo au hapana."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama Selvi akamgeukia, sikuona alivyomtazama, lakini kicheko kilikufa. Mgombea akaanza kunijibu polepole na kwa sauti kubwa, kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikamwambia masikio yangu ni mazima, Kiingereza ndicho kinachochechemea. Hapo wakacheka wote, naye akacheka, akashusha sauti, akaniambia kama anavyomwambia mtu: hapana, hakuwa anajua. Akaandika kwenye kidaftari chake. Kama aliandika au alichora kuku, Mungu anajua. Lakini alisema "hapana", nami nikaisikia kutoka kinywani mwake, nzima, haijapitia kwa mtu.

Kwenye lifti Neema alilia. Aliogopa watanicheka, akasema, alitaka wanipende. Nikamwambia wacha wacheke, kicheko nakielewa kwa lugha zote. Nikamwambia babu yako naye alitaka nipendwe, alinilinda hivyo hivyo, na ulinzi huo ulinilia miezi minne. Neema hakuwa anajua habari hiyo. Tulishuka na kupanda lifti ile mara tatu kabla ya kwenda nyumbani, maana hadithi ilikuwa haijaisha.

Siku ile nikaamua. Nilimweleza Mama Selvi kesho yake, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo: wanaoamua juu ya kile kiti ni wenye kura, na sisi tunaokikalia hatuna hata moja. Ndiyo maana kinasogezwa kirahisi. Basi mmoja wetu lazima ainuke. Akasema, "Wewe mdomo mkubwa. Wewe uende."

Nimeapa, Baba Furaha. Walitupa kuchagua Kiingereza au Kifaransa, na Furaha alidhani nitachukua Kifaransa kwa ajili yako. Sikuchukua. Kifaransa kilikuwa chako, nenda nacho. Jirani yangu alikuwa anachezesha midomo kama samaki. Mimi niliyasema yote, kila neno, kwa sauti, na moja nililikosea nikalirudia wenzangu wakiwa mbele. Neema alikaa nyuma yangu amefumba mdomo, kama tulivyokubaliana.

Jumanne iliyofuata nilivaa viatu, nikabeba mfuko, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka. Nilikaa kwenye kibao cha viatu na koti langu. Sitakudanganya, ilikuwa asubuhi ndefu. Saa saba mlango ukagongwa. Mama Selvi, na daftari lake, hata koti hajavua. "Leo somo la posta," akasema. Akakaa mezani akanifundisha posta yote, na makosa yake yote ndani. Tangu hapo kila Jumanne hutoka darasani akaja moja kwa moja kwangu. Wiki iliyopita alileta wengine wawili walioapa kama mimi wakapoteza viti, na kiti cha nne nimekiazima kwa jirani.

Kwa hiyo usinihurumie huko uliko. Nakuahidi haya. Siku ya kura nitaingia nyuma ya lile kadibodi lao la kupigia kura peke yangu, nitasoma majina mwenyewe mpaka la mwisho, hata wakinisubiri. Na yule kijana wa biskuti nitamkumbusha, kwa sababu namba ya ofisi yake ipo ukutani kwangu na simu sasa napiga mwenyewe. Na barafu ikiyeyuka vizuri nitakuja makaburini na kuipangusa foto yako, maana naambiwa ndege wameifanya wanavyotaka.

Hasira bado ninayo. Sitaificha, maana tumefichana vya kutosha. Lakini nimelala na hasira kitanda kimoja nawe miaka mingi na asubuhi tulikunywa chai, hata hii haitatushinda. Pumzika, mume wangu. Uliishi vizuri, ulisomesha wengi, na wa mwisho amejisomesha.

Na sasa nisikilize. Ukija, usije Jumanne, Jumanne nina watu. Njoo siku nyingine yoyote, mchana, na hilo koti la kahawia kama unapenda. Keti kiti cha dirishani. Sitakupigia kelele, nitaweka chai tu na kunyamaza, ingawa najua hutaamini mpaka uone. Kisha uniambie upya alichosema daktari siku ile, kwa Kiingereza chake, chote, bila kuniachia hata neno moja njiani. Ukiona vigumu kunitazama, tazama nje. Nitaelewa.